Mama Nyafwono na Waya Uliokatwa

Mimi si mtu wa mizimu, nianze na hilo. Nimetengeneza kompyuta miaka kumi na sita pale Busia, upande wa Kenya, hatua chache tu kutoka mpakani, na nimeletewa mashine "zilizorogwa" nisizoweza kuzihesabu. Nikizifungua nakuta vumbi, nakuta mende, na siku moja nilikuta mjusi amekauka kama dagaa wa omena. Uchawi sijawahi kuukuta. Kwa hiyo ukimsikia mtu kama mimi anakwambia kwamba alizungumza na marehemu, tena saa sita mchana, jua la utosi, akiwa hajaonja tone la kitu, ujue amejikaza sana kulisema. Mke wangu hataki nilisimulie mbele ya wageni. Mimi nasema lilitokea, na wewe ukitaka kucheka, cheka sasa tuendelee.

Ilikuwa mwezi wa pili, kiangazi kile kikali ambacho midomo inapasuka na nguo ukizivua zinalialia mwilini. Nilipigiwa simu na Mwalimu Okoth, mkuu wa shule moja ya sekondari karibu na Mulanda, ng'ambo ya Uganda, wilaya ya Tororo. Shule yenyewe sitaitaja, maana wahusika wapo na tunasalimiana vizuri.

"Fundi, hii kompyuta nakufa," akaniambia, kwa Kiswahili chao cha ng'ambo ambacho "inakufa" na "nakufa" ni neno moja. "Naandika majina, nakufa. Nawasha, nakufa tena. Njoo kabla hatujaaibika."

Kompyuta ya ofisi ilikuwa moja tu, na ndani yake ndimo yaliandikwa majina ya watoto wa mwaka wa mtihani. Majina yalikuwa yamepotea mara tatu. Nikavuka mpaka na mkoba wangu wa kazi, nikafika, nikaikuta ofisi nzuri kuliko nilivyotarajia. Wafadhili walikuwa wameleta zulia jipya la nailoni, la bluu, limetandikwa ukuta hadi ukuta, na viti vya plastiki vinavyong'aa. Mwalimu Okoth alinionyesha zulia kwanza kabla ya kunionyesha kompyuta. Kisha akafunga mlango, akashusha sauti.

"Na nakufa kwa mtu moja tu," akasema.

Mtu huyo alikuwa Awor, karani wa shule. Mwanamke kijana, mjane, mwenye watoto wawili ambao hawakuwa na tegemeo jingine ila kazi ile. Mumewe alianguka na pikipiki, akafia mkononi mwake njiani kwenda hospitali. Basi watu wakaanza maneno. Mume alimfia mkononi, sasa kompyuta nayo inamfia mkononi. Ana mkono mbaya, walisema, na wengine walikuwa wameacha kumsalimia kwa kushikana mikono. Hebu fikiria, mtu umeajiriwa kuandika, halafu unaambiwa mkono wako ni mbaya.

Nikaifungua mashine. Nikapuliza vumbi, nikabadilisha kadi ya kumbukumbu, nikabadilisha hata kisanduku kinachoipa umeme. Asubuhi yote niliiendesha mwenyewe bila kuinuka, ikaenda kama maji. Wakati wa chakula nikamwita Awor ajaribu. Aliinuka kwenye kiti chake cha plastiki kule pembeni, akavuka zulia na viatu vyake vya plastiki, gauni lake la lesi likichakarisha, akanyoosha mkono kugusa mashine. Kabla hajakaa, pa! Kioo kikawa cheusi.

Walimu walikuwa wamejaa mlangoni wakitazama. Mimi nami nimechoka, nimeaibika mbele ya watu, na unajua fundi akishindwa mdomo ndio humsaidia. Nikasema kwa sauti ya kuchekesha: "Basi Mwalimu, mashine haina ugonjwa wowote. Inamkataa huyu dada tu."

Wakacheka sana. Awor hakucheka. Aliutazama mkono wake, akaurudisha chini ya meza. Mimi nikakusanya vyombo vyangu, nikarudi Busia na nikalala vizuri.

Siku nne baadaye Mwalimu Okoth akanipigia tena. Kamati ya shule inakaa Ijumaa saa nane mchana kuamua juu ya Awor. Wamechimba uani wakakuta "kitu". Wanataka nije niseme mbele ya kamati yale niliyosema, kwamba mashine inamkataa.

"Lakini Mwalimu, ule ulikuwa mzaha," nikamwambia.

"Wewe ndio fundi," akajibu. "Sisi hatujui kompyuta. Wewe umesema."

Nitakuwa mkweli kwako. Sikwenda Ijumaa ile kumtetea Awor. Nilikwenda nikiwa na maneno laini kichwani, ya kumridhisha kila mtu, niseme kwamba mitambo ina mambo yake na kadhalika. Sikujua ni nini kilikuwa kinaiua ile kompyuta, na mtu asiyejua hana la kutetea. Nilifika kabla ya saa sita. Ofisi ilikuwa imefungwa, wanafunzi wako madarasani, nikazunguka nyuma ya jengo kutafuta kivuli, nacho kilikuwa kijembamba cha kutosha mgongo tu.

Ndipo nikamwona. Je, wewe ungedhani nini? Mimi nilidhani ni mfagiaji wa shule, basi. Mwanamke mzee, gomesi ya kijani iliyochujuka, lile gauni refu la akina mama wa Uganda, kiunoni amefunga kamba ya mkonge, peku, kitambaa cha kudekia kiko begani. Jicho lake la kushoto lilikuwa na wingu jeupe. Usiniulize habari za kivuli chake, maana saa sita mchana hata wewe huna. Alikuwa ameinama karibu na ukuta na karai la bati, anamimina maji machafu ndani ya shimo jipya, polepole, pasipo kumwaga hata tone pembeni. Nimeona mafundi wakubwa wakifanya kazi Nairobi na Kampala. Sijaona mkono uliotulia namna ile.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba. Songa mguu, nakanyaga maji."

Nikasogea. "Unamwagilia nini, mama? Hapa hakuna mmea."

"Nanywesha waya," akasema, wala hakuniangalia.

"Waya gani?"

"Fundi ya stima alikuja, zamani, ofisi ikiwa mpya. Alifukia chuma hapa. Akaweka makaa, akaweka chumvi. Akaniambia, mama, hapa usiache pakauke. Stima ikipotea njia, nakwenda nyumbani kupitia hapa. Kukiwa kavu, nyumbani hakuna, narukia watu." Akatikisa karai matone ya mwisho yadondoke. "Mimi nadeki ofisi. Maji ya kudeki naleta hapa. Mvua, naleta. Jua, naleta. Hata fundi alishakufa, mimi naleta tu."

Umeme kupotea njia! Nilisoma miaka miwili chuoni Kisumu kujifunza jambo lile kwa mchoro na hesabu, na mama huyu alikuwa amelibeba kwa karai. Nikaanza kuona. Zulia la nailoni, viti vya plastiki, hewa kavu, gauni la lesi. Mtu anayeshinda humo mchana kutwa anajikusanyia umeme tuli mwilini kila anapoinuka na kutembea. Akigusa mashine iliyofungwa vizuri kwenye ardhi, ule umeme unateremka chini kimya kimya. Mashine isiyo na njia ya kuuteremsha inaupokea yenyewe, na inakufa.

"Sasa wameng'oa," mama akasema. "Wamekata na panga. Wanasema ni dawa."

Akainua uso kwa mara ya kwanza, akanikazia lile jicho zima.

"Na wewe ulisema mashine nakataa mtoto."

Nani alimwambia? Siku ile sikumwona popote shuleni, na niamini, jicho lile ningelikumbuka.

"Mashine inaweza kukataa mtu?" akaniuliza. "Wewe ni fundi?"

Swali hilo nimeulizwa na wateja wakali, na polisi, na mama mkwe wangu siku ya kwanza. Halijawahi kuniingia kama lilivyoniingia siku ile. Mama akanishika kifundo cha mkono wa kushoto. Mkono wake ulikuwa umelowa, baridi, katika joto lile la kuungua. Akaniinamisha kwa nguvu ambazo mwili ule haukuwa nazo, akaviweka vidole vyangu kwenye ncha ya waya uliochungulia ukutani, wa kijani wenye mstari wa njano, umekatwa. Cheche ikaruka. Ikapanda kutoka kifundo hadi kwenye kiwiko, nikafumba macho.

Nilipofumbua hakuwepo. Upande mmoja ni ukuta wa ofisi, upande wa pili ni kiwanja cha mpira kitupu, unaona hadi goli la mbali. Hata kijana wa mbio asingekivuka kwa muda ule. Udongo ndani ya shimo ulikuwa mweusi kwa maji, na vumbini palikuwa na duara la tako la karai.

Niliogopa? Niliogopa, tena baadaye niliogopa zaidi. Lakini kitu cha kwanza kilichonijia, nakuapia, kilikuwa heshima. Niliona fahari kwamba nimekutana na mtu anayeijua kazi yake. Nikataka kumkimbilia nimwombe anifundishe kumimina.

Saa nane tukaingia ofisini. Kamati ilikuwa watu sita, mwenyekiti wao Mzee Obbo, mzee wa kanisa, mtu mpole kwa kweli, amevaa koti la nailoni na viatu vya raba juani kote kule. Awor walimketisha peke yake karibu na mlango. Alikuwa amekalia mikono yake, ameibana chini ya mapaja, asije akagusa kitu cha watu. Picha hiyo sitaisahau.

Mzee Obbo akafungua mfuko mwekundu, akatoa chuma kirefu, chekundu cha shaba, kina kipande cha waya kimezungushiwa kichwani, makaa yameganda, na mabonge ya chumvi.

"Hii ndio kitu," akasema. "Ilikuwa chini ya ukuta. Makaa, chumvi, na waya ya kufunga. Yule mama ya kufagia alikuwa namwagia maji kila siku, na naongea peke yake. Sasa yeye hayuko. Amerithisha nani? Huyu alikuwa rafiki yake. Fundi, sema yale umesema."

Nikacheka. Sikukusudia, kilinitoka tu, na kamati ikanikunjia uso. "Wazee," nikasema, "hiyo ni arthi ya jengo, njia ya umeme kushuka ardhini. Iko nyuma ya benki, iko nyuma ya hospitali, iko nyuma ya kila nyumba iliyofungwa umeme sawasawa. Makaa na chumvi ni ya kushika unyevu. Mmeng'oa mguu wa umeme wenu mkauweka mezani."

"Lakini juzi ulisema mashine nakataa yeye," Mzee Obbo akaniambia.

"Nilisema. Nilisema uongo."

Nadhani hawakuwa wamewahi kumsikia fundi akilisema neno hilo. Hawakuniamini bado, niliona machoni. Basi nikaiwasha kompyuta, nikamwomba Mzee Obbo, kwa heshima zote, akae kwenye kiti cha plastiki. Kaa vizuri mzee, jisuguesugue mgongo. Sasa inuka, njoo kwangu, buruta miguu kidogo kwenye zulia. Gusa hapa kwenye bati la mashine.

Pa! Mzee akaruka, kioo kikafa.

"Mzee," nikamuuliza, "na wewe umerithishwa na nani?"

Mwalimu Okoth aliufunika mdomo kwa leso, mabega yakitetemeka. Mama mmoja wa kamati akashindwa kabisa, akacheka mpaka machozi. Mzee Obbo alitazama kidole chake, akatazama chuma mezani, akakaa taratibu, safari hii kwenye kiti cha mbao.

Nikaiwasha mashine tena, nikamgeukia Awor. Nikamwambia avue viatu, akunje pembe ya zulia akanyage saruji, kisha ashike kwanza chuma cha dirisha kabla ya kugusa kompyuta. Hakuitoa mikono. Nikamwita mara ya pili, naye akanitazama kama mtu anayealikwa kwenye mtego. "Dada Awor," nikasema, "nisamehe. Mkono wako ni mzima." Akautoa mmoja. Akashika dirisha. Akakaa, akagusa kibodi kwa kidole kimoja, akaandika jina la mtoto wa kwanza huku machozi yanadondoka mapajani. Mashine ikatulia. Akaandika la pili. Kisha vidole vyote kumi vikaingia kazini, na nakwambia, dada yule anaandika kama mvua juu ya bati! Aliandika majina yote bila kuinua kichwa.

Wakati anaandika nikaenda nyuma kurudishia chuma. Nikafunga waya, nikaomba makaa na chumvi jikoni, nikafukia. Nikamwambia Mwalimu Okoth aniletee maji.

"Maji nitatoa wapi?" akasema. "Kisima imeharibika tangu Jumatatu. Tunanunua ya kunywa tu."

"Lakini mama wa usafi alikuwa anamwaga hapa mchana. Ona, pamelowa."

"Mama gani? Hatujaajiri mwingine."

Nikamweleza. Gomesi ya kijani, kamba kiunoni, karai. Wakati huo Awor alikuwa amemaliza kazi, amesimama kwenye pembe ya ukuta akisikiliza.

"Jicho ya kushoto ina wingu?" akauliza.

"Ndiyo."

"Mama Nyafwono," akasema. "Tulimzika kwao Paya kabla ya Krismasi."

Kamati nzima ikaja kuangalia. Waliona udongo mweusi, waliona duara la karai. Mzee Obbo aliinama, akagusa unyevu kwa kidole kilekile kilichopigwa na umeme, akavua kofia yake. Ndipo nikaelewa kwa nini mashine ilianza kufa hata kabla ya panga: tangu azikwe hakuna aliyeleta maji, na arthi ilikuwa imekauka. Hakuna aliyesema neno uchawi. Waliliviringisha zulia siku hiyohiyo na kulipeleka kanisani, na kompyuta ile haijafa tena mpaka leo. Awor yuko kazini. Watu wanamshika mkono. Kila jioni, mtu mmoja wa shule hupeleka maji ya kudeki nyuma ya ukuta, na siku nyingine anayepeleka ni Mwalimu Okoth mwenyewe, na suti yake.

Na mimi? Mkono wangu wa kushoto haukubali saa. Nimejaribu ya bei na ya soko, ya betri na ya kujaza. Nikiivaa mkono huo, inasimama saa sita na dakika chache, iwe ni asubuhi au usiku. Nikimvalisha mtu mwingine inatembea. Nieleze wewe, umeme tuli gani huo? Mimi nimeshindwa, na sijaribu tena. Dukani kwangu nanyunyiza maji kabla ya kufagia kila asubuhi, na kabla ya kufungua mashine ya mtu nauliza kwanza nani alikuwa anasafisha chumba inamokaa.

Lakini kinachoniuma si saa. Siku ile Awor alinisindikiza hadi kwenye pikipiki. Nilimwomba msamaha mara nyingine, mbele ya dereva, sikujali. Akaniambia, "Fundi, mimi nimesamehe. Lakini mama Nyafwono alideki hii shule mpaka mgongo ikapinda. Alikuwa nalia usiku na maumivu. Tulimzika tukasema, sasa umepumzika. Wewe na mdomo yako, umemrudisha kazini."

Basi nakuonya, wewe unayenisikiliza, hasa kama watu wanakuita fundi, au daktari, au mwalimu, na neno lako linachukuliwa kama lilivyo. Usilojua, sema sijui. Usimtanie mtu juu ya mkono unaomlisha. Awor alikuwa na Nyafwono wa kuamka kaburini akampigania. Huyo uliyemcheka jana ana nani?